Wote Walitazama Juu

Siku Randa alipokuja kujificha kwetu, mimi nilikuwa uani naanika mashuka. Jua lilikuwa la kukausha nguo kwa nusu saa. Mama alikaa kizingitini, ungo mapajani, akichambua mchele, na kaka alikuwa chumba cha mbele, kwenye studio yake, akimpiga picha mama mmoja na mapacha wake. Nakumbuka nilimsikia akiwachekesha wale watoto kwa sauti ya bata. Vita ilikuwa imetimiza miezi minne, lakini watoto walikuwa bado wanazaliwa, na watu walikuwa bado wanataka picha.

Randa alipita mlango wa uani bila kubisha hodi, kama alivyopita tangu akiwa na miaka mitano. Mkononi alikuwa na mfuko wake wa vifaa vya useremala. Alimwamkia mama, akachutama kando yake, akaanza kumsaidia kuchambua. Baada ya kitambo akasema kwa sauti ya chini kwamba alimzika mama yake juzi, kwamba mkewe na watoto walishavuka mto, na kwamba yeye sasa hana tena njia ya kuvuka.

Mama hakuinua kichwa. Alimwambia tu, "Ingia ndani, mwanangu. Usikae penye jua."

Haya ninayosimulia yalimpata kaka yangu, tumbo moja, baba mmoja. Kwa mengi nilikuwepo. Pale ambapo sikuwepo, nitasema.

Randa na kaka walikutana darasa la kwanza, wakagawana dawati, wakagawana kichapo, na tangu hapo hukumwita mmoja bila mwingine kugeuka. Mama yake Randa alikuwa akifanya kazi ya zamu kiwandani, kwa hiyo yule mtoto alikula kwetu, akaoga kwetu, na alipougua surua aliugulia kwenye kitanda cha kaka mpaka na kaka akaipata. Mama alipoulizwa ana watoto wangapi, alijibu watatu, wawili amewazaa. Jina la Randa alipewa hata kabla hajajua kushika randa, kwa sababu palipotokea ugomvi yeye ndiye aliyejua kulainisha maneno. Useremala ulimjia baadaye, kama vile jina lilimtangulia njiani likamsubiri.

Sisi na akina Randa tulikuwa dini moja. Kitabu kimoja, nyimbo zile zile. Tofauti ni kwamba sisi tulisali tumesimama, wao walisali wamepiga magoti. Basi. Tulipokuwa wadogo ulikuwa utani. Randa alikuwa akimwambia kaka, "Nyinyi mnasali kama watu wanaongoja basi," na kaka akimjibu, "Na nyinyi kama watu mlioangusha sindano." Wazee walicheka, na wazee wa pande zote mbili walipelekeana vyakula siku za sherehe.

Kisha wakubwa wakagombana huko juu, kila upande ukapata bunduki, na utani ukakoma. Watu wetu wakaanza kuwaita wenzao Magoti. Kwenye vizuizi vya barabarani vijana walikuamuru upandishe suruali ili watazame magoti yako yana sugu au hayana. Fundi mmoja wa marumaru, mtu wa kwetu kabisa, aliuawa hivyo hivyo, maana kazi yake ilikuwa ya kupiga magoti kutwa. Walipogundua kosa lao walikwenda kumpa mjane pole.

Mkuu wa doria katika mtaa wetu alikuwa mgawa barua. Miaka kumi na mitano alikuwa ametembea na mkoba wake mlango kwa mlango, na hakuna aliyejua kuliko yeye nani analala wapi, nani ana ndugu ng'ambo ya mto, nani amehama. Alikuwa mtu mpole wa kuongea. Ndiye aliyempa kaka kazi ya kupiga picha za vibali, kwa sababu kila mtu wa upande wetu alitakiwa atembee na kibali chenye picha. Ndiye pia aliyepita na kipaza sauti akitangaza kwamba nyumba itakayokutwa na Magoti ndani yake itachomwa na waliomo.

Randa tulimficha darini, juu ya studio. Dari ile aliipiga mwenyewe miaka sita nyuma, plaiwudi nyeupe safi, na kwenye kona ya nyuma, nyuma ya inaposimama kamera, aliacha mlango mdogo wa mraba wa kupitia fundi wa umeme. Ngazi tuliiweka chumba cha giza, kule kaka alikosafishia filamu. Huko juu, chini ya mabati, joto lilikuwa la kuivisha mkate. Kila siku saa saba mchana, watu wa doria walipokuwa wakila, kaka alifunga studio, akasimamisha ngazi, na Randa akashuka. Alikunywa maji kwanza, glasi tatu bila kupumua. Kisha wakala pamoja sakafuni, wamepakana magoti, wakinong'onezana na kucheka bila sauti, mabega yakitikisika. Nikiwatazama niliwaona wale wale wa darasa la kwanza.

Siku kumi zilipita hivyo. Siku ya kumi walichoma nyumba mtaa wa tatu. Kaka aliiona. Alikuwa ametoka kupeleka picha, akarudi nguo zinanuka moshi, akakaa kwenye stuli ya wateja. Nilimuuliza waliomo walitoka? Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa lugha ngeni. Mchana wa siku iliyofuata alikaa na Randa sakafuni kama kawaida, lakini sahani yake hakuigusa. Randa alimtania kwamba ukilinyima tumbo lako chakula litakwenda kukushtaki kwa jirani.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili kaka alitoka mapema. Alisema anakwenda kutafuta dawa ya kusafishia picha. Alirudi mikono mitupu, tukanywa chai. Nilimwona akipuliza kikombe ambacho kilikuwa kimekwisha kupoa.

Saa saba kasoro walibisha hodi mlango wa studio. Mgawa barua na vijana wanne. Mgawa barua alivua kofia, akamwamkia mama, akauliza kwa adabu kama kuna mgeni humu. Mama alisema hakuna. Mimi nikasema hakuna. Kaka akasema, "Tupo watatu tu."

Halafu akainua macho.

Hakutikisa kichwa, hakuonyesha kidole. Aliinua macho tu, polepole, mpaka kona ile ya nyuma, akayaacha pale.

Kijana mmoja akaelekeza bunduki darini. Kabla hajafanya lolote, kile kibao cha mraba kikasogea, na sauti ya Randa ikasema anashuka, wasipige, kuna mama humo. Hapakuwa na ngazi. Alining'inia kwa mikono akajiachia, akatua sakafuni. Aliomba viatu vyake. Mama ndiye aliyemletea, akapiga magoti chini akamfunga kamba, maana mikono yake Randa walikwisha kuikamata nyuma. Mama alipiga magoti mbele ya watu wale na hakuna aliyethubutu kusema kitu.

Mlangoni Randa aligeuka.

"Niangalie, ndugu yangu," alimwambia kaka.

Kaka hakumwangalia. Macho yake yalibaki kwenye tundu la dari.

"Niangalie tu."

Walimtoa. Kaka alikuwa bado ametazama juu hata tulipoacha kusikia hatua zao.

Yaliyofuata sikuyaona, niliyasikia kwa mwashi aliyekuwa akiishi nyuma ya machimbo ya kokoto. Siku ile walikusanya watu wanane, wakawapeleka machimboni, na saa kumi alasiri sote tulisikia milio. Mwashi aliitwa kesho yake. Waliokuwa na bunduki walitaka ghala, na shimo lilikuwa tayari, kwa hiyo lilijazwa udongo na kokoto, na juu yake mwashi akamwaga sakafu ya zege nene kama kiganja na nusu. Hakuuliza kilicho chini. Lakini zege lilipokuwa bado bichi, kama wafanyavyo waashi, aliandika tarehe kwa kidole kwenye kona. Aliniambia aliandika ili siku moja mtu asome.

Kaka alilia siku tatu. Alisema yalimponyoka, alisema hakujua kama anatazama, alisema ni woga. Mama alimshika kichwa akakilaza pajani kama mtoto. Alimwambia asijiue kwa mawazo, macho hayana pazia, mtu hutazama kile anachokiogopa. Mimi nilimwamini kaka. Naomba mlishike hilo. Nilimwamini, na nilimhurumia kuliko nilivyomlilia Randa.

Siku ya nne alifungua studio. Vibali vilikuwa vinamsubiri. Walikuja watu ishirini na wawili siku hiyo. Nilikuwa nikimsaidia kuwapanga, shule niliyofundishia ilikuwa imefungwa, sikuwa na kazi nyingine. Kila mmoja alikaa kwenye stuli, kaka akamwambia atazame kioo cha kamera, akatazama, kamera ikalia. Niliwaona kwa macho yangu. Walitazama mbele.

Jioni kaka akatoka chumba cha giza na picha zikiwa bado zinadondoka maji. Alizipanga mezani.

Watu ishirini na wawili. Wote walikuwa wametazama juu.

Hawakutazama juu ovyo kila mtu na kwake. Walitazama mahali pamoja, nyuma kidogo ya kichwa cha mpiga picha, upande wa kushoto. Weupe wa macho ulikuwa umejaa. Midomo ilikuwa wazi kidogo, kama ya mtu anayesubiri kuitwa.

Kaka alisema kamera imeharibika. Nilitaka kumuuliza kamera inaharibikaje mpaka igeuze macho ya watu, lakini nilimtazama nikaanza kuzikusanya zile picha. Kesho yake akatumia kamera ya pili, ile ya zamani ya harusi. Wale wale tukawaita tena. Nilisimama nyuma ya kaka ili nihakikishe. Bibi mmoja alinitazama usoni moja kwa moja mpaka nikaona aibu. Picha ilipotoka, bibi yule alikuwa ametazama dari.

Siku ya tatu ya kazi alikuja mwanamke na mtoto mchanga. Mtoto alikuwa analia. Walipoingia studio akanyamaza. Akainua uso, akatazama ile kona, akatabasamu. Kisha akafanya kama watoto wafanyavyo wanapotaka kubebwa. Akanyoosha mikono miwili juu.

Mama yake akamgeuza. Mtoto akajigeuza tena.

Kuanzia hapo saa saba ikawa saa ya kuogopa nyumbani kwetu. Mchana kweupe, madirisha wazi, sauti za watu barabarani, na juu ya dari tunasikia kazi ya seremala. Shwaa. Kimya. Shwaa. Ni randa inayopita kwenye ubao, taratibu, ya fundi asiye na haraka. Mwanzoni kila mmoja wetu alijifanya ni yeye peke yake anayesikia. Siku moja nilikuwa nafagia studio, nikaona kitu kinashuka hewani. Kilitua juu ya stuli. Kilikuwa unyoya wa ubao, randa la mti lililojikunja, jembamba, jepesi. Niliuokota. Ulikuwa na unyevu wa mbao mbichi na ulinukia utomvu.

Darini hapakuwa na tundu hata la kupita sindano. Mlango ulikuwa umefungwa.

Nilimwonyesha mama. Aliunusa, akaufunga kwenye pindo la khanga yake, akaendelea na shughuli zake.

Wiki ya pili mgawa barua alikuja mwenyewe. Alikuwa na bahasha iliyojaa picha zile, na safari hii hakuvua kofia. Alizimwaga mezani. Vijana wake kwenye vizuizi walikuwa wakiwacheka watu, halafu wakaacha kucheka, halafu wakaanza kukataa kuzishika. Kijana mmoja alikuwa ameacha bunduki yake akarudi kwao. Mama alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, amebeba sinia ya chai. Mgawa barua hakumwona. Mimi nilimwona.

"Hebu nieleze, bwana," mgawa barua alisema polepole. "Wewe ulinijia mwenyewe, jua halijapanda. Ukaniambia alipo, ukaniambia mlango wa dari uko kona gani. Nikasema huyu ni mtu wetu. Ukaniomba tukuulize mbele ya mama yako ili akuone umekataa. Nikakubali. Ukasema utainua macho, na hiyo ndiyo iwe ishara. Nikakubali. Sasa wema wote ule, unanilipa kwa mzaha huu?"

Kaka alikuwa ameliona pazia la mlango likitikisika.

Mama aliingia. Aliweka sinia mezani juu ya zile picha, akammiminia mgawa barua chai, akamkaribisha. Mgawa barua aliinywa nusu, akaaga. Alipokuwa akitoka nilimwona anataka kuinua macho kwenye ile kona, akajizuia kwa nguvu mpaka shingo ikamsimama mishipa.

Tulipobaki watatu, kaka alianguka miguuni kwa mama.

"Wangetuchoma, mama," alisema. "Niliona walivyofanya mtaa wa tatu. Wangetuchoma sote."

"Ungeniuliza mimi kama naogopa kuungua," mama akasema.

Hayo yalikuwa maneno ya mwisho aliyomwambia kaka. Sisemi kwa kukuza. Tangu saa ile hakumwita jina, hakumpa kikombe, hakumjibu salamu. Usiku nilimsikia kaka akigonga mlango wa mama akiomba. Mama hakuufungua. Na mimi? Mimi niliyemhurumia siku tatu nzima, niliona nimeibiwa kitu na mtu niliyemfungulia mlango. Tuliigiziwa. Mama alimfunga Randa viatu, mimi nikasema hakuna mgeni, na mwenzetu alikuwa anajua kila neno litakalofuata. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiwafundisha watoto methali ile kila mwaka, na sikuwahi kuvua nguo nikatazama.

Mama akawa na mazoea mapya. Saa saba ilipofika alipakua sahani tatu. Ya kwake, ya kwangu, na ya tatu aliipeleka studio. Alisimamisha ngazi mwenyewe, na umri wake ule, akaiweka sahani kwenye kipandio cha juu, akasema, "Mwanangu, chakula." Kisha akafunga mlango akaja kula.

Saa nane alikwenda kuichukua. Ilikuwa tupu. Nilimwambia ni panya, mama, nyumba ina panya.

"Panya hawaoshi sahani," mama alisema, akanionyesha. Ilikuwa safi, na bado ina matone ya maji.

Kaka alikonda. Alilala kwenye kiti jikoni, hakutaka tena kuingia studio, na mteja alipobisha alijificha. Lakini saa saba alikuwa akisogea. Sijui niseme vipi. Popote alipokuwa ndani ya nyumba, saa hiyo ilimkuta amekaribia mlango wa studio, amesimama, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza jina lake likitajwa chumba cha pili. Siku moja nilimuuliza anasikia nini.

"Ananiomba nimwangalie," alisema.

Ilikuwa wiki tatu kamili tangu Randa achukuliwe. Siku ile nayo ilianza vizuri. Kaka alioga, akanyoa ndevu, akavaa shati lake la bluu la kazini, lenye madoa ya dawa kwenye mikono. Aliniambia kwamba atapanda. Alisema huko juu hakuna kitu, ni panya na joto, na akishaona kwa macho yake atapona. Nilimsihi tungoje, tuite mtu. Alisema mtu wa kuita alikuwa mmoja.

Mama alikuwa ameshaweka ngazi. Alikuwa amesimama kando yake na sahani mkononi. Kaka alipita mbele yake. Mama alisogea kumpisha.

Alipanda. Alisukuma kile kibao, kikasogea bila kelele. Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Akasimama hivyo, nusu ndani, nusu nje, na mimi nimeshika ngazi chini.

"Kaka," nikaita.

Nilimsikia anaongea. Alinong'ona, lakini si na mimi. Alisikiliza. Akanong'ona tena. Nilishika maneno mawili tu.

"Ninakuangalia," alisema.

Miguu yake ikaanza kupanda. Haikuonekana miguu ya mtu anayejivuta. Ilipanda kama ya mtu anayepokewa. Goti moja. Goti la pili. Kiatu. Kisha tundu likawa jeusi tupu.

Kibao kikarudi mahali pake.

Nikasikia nyundo. Pigo moja, mawili, matatu. Msumari wa kwanza. Nilipiga kelele. Msumari wa pili. Nilipanda nikasukuma kile kibao kwa mabega, na ncha ya msumari wa tatu ikatokeza karibu na shavu langu, inang'aa. Msumari wa nne ukaingia polepole, kwa mapigo ya fundi mwenye uhakika.

Halafu hakuna tena. Hata hatua. Hata pumzi.

Majirani walikuja na shoka. Tulibomoa dari yote, ubao kwa ubao, mpaka studio nzima ikawa nyeupe kwa vumbi na mabati yakaonekana kutoka ukuta hadi ukuta. Hapakuwa na mtu. Mabati hayakuguswa, kuta ni nzima. Fundi wa bati alikagua kila msumari wa paa, akashuka, akanawa mikono, akaondoka bila kuaga. Mama alikaa kwenye stuli ya wateja muda wote ule. Hakulia. Sahani aliiweka sakafuni.

Wengine walisema alitorokea ng'ambo. Mgawa barua alisema Magoti wamemroga. Niliishi na maneno hayo, kwa sababu sikuwa na ya kwangu.

Vita iliisha mwaka mmoja na miezi minane baadaye, kwa karatasi iliyosainiwa mahali pengine. Wakubwa wale wale walipigwa picha wamekumbatiana. Mgawa barua alihama, wala hakuaga. Watu wakarudi kidogo kidogo, akiwemo mke wa Randa, ambaye alifika kwetu na watoto wake wawili na kumkuta mama kizingitini. Walishikana. Tume ikaundwa kutafuta waliopotea, na mwashi akaenda kwa miguu yake mwenyewe kuwaonyesha ghala.

Nilikuwepo siku wanavunja sakafu. Mwashi alinionyesha tarehe yake kwenye kona, inasomeka vizuri, na daktari wa tume akaipiga picha kabla ya nyundo ya kwanza. Zege lilikuwa halijawahi kuguswa. Daktari alilikagua kwa mkono, inchi kwa inchi, kwa sababu mahakama ingemuuliza. Tarehe ile ilikuwa kesho yake ya siku aliyochukuliwa Randa. Kaka alipanda ngazi siku ishirini baada ya tarehe hiyo.

Orodha ilikuwa ya watu wanane. Walichimba siku mbili. Randa alitambuliwa na mkewe kwa viatu, kamba zimefungwa kwa fundo la mama.

Chini yake palikuwa na wa tisa.

Daktari aliniita kando. Alikuwa mama wa makamo, mtu mwenye sauti ya kuchoka, aliyekwisha kuona mengi. Aliniuliza kama kati ya ndugu zangu yupo aliyefanya kazi ya dawa za picha, kwa sababu shati la yule wa tisa, la bluu, lilikuwa na madoa yake mikononi. Nilimwambia yupo. Akaniuliza alipotea lini. Nilipomtajia siku, alifunga daftari lake, akalifungua, akaniomba nirudie.

Aliniambia wale wanane wote wana alama za risasi. Huyu hana jeraha lolote. Akaniambia pia wanane walitupwa ovyo, mmoja juu ya mwingine, lakini huyu wa tisa alikuwa amelazwa chali, amenyooshwa, chini kabisa ya wote, mahali ambapo mtu angeweza kuwekwa tu kabla hawajaingia wengine. Na Randa alikuwa juu yake, kifudifudi, uso kwa uso.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, maana kumficha nisingeweza. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, mikono yao ilikuwa wapi.

Nilimwambia. Mikono ya kaka ilikuwa ubavuni. Mikono ya Randa ilikuwa usoni mwa kaka, vidole gumba viwili vimewekwa chini ya nyusi, kila kimoja kwenye jicho lake, kama mtu anayemshikilia mwenzake kope zisifunge.